Nani Kampiga Nani

Jumatatu, 3 Machi

Naandika nyuma ya daftari la vipimo. Kurasa za mbele zimejaa viuno na mabega ya wateja, na humu ndani hakuna mtu wa kuzungumza naye. Mama mkwe yupo, lakini huyo si wa kuzungumza naye. Huyo ni wa kumsikiliza.

Aliletwa jana. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. La kulia limefanyiwa upasuaji wiki iliyopita na limezibwa kwa pamba na bandeji. Daktari amesema wiki sita lisiguswe, na mwenyewe asiiname, asibebe kitu, asilie. Hilo la mwisho lilinichekesha. Sijawahi kumwona akilia, huwa analiza.

Aliyemleta ni mume wangu. Alimshusha, akanywa maji amesimama, akaondoka. Yeye ni fundi wa lifti. Huko mjini aliko kuna jengo la ghorofa ishirini ambalo lifti zake, kwa maelezo yake, hazijakamilika tangu mwaka juzi. Ametuachia flashi yenye filamu arobaini. "Mama anapenda filamu," akasema. "Haoni, kwa hiyo utamsimulia. Bandeji ikitoka nipigie, nakuja kumchukua."

Nayaandika maneno yake yalivyo: nakuja kumchukua. Miezi minane hajalala nyumba hii. Nataka mume wangu arudi, hata kama anarudi kwa ajili ya mama yake. Akishaketi hapa siku mbili tatu, nitajua la kufanya. Kwa hiyo mama mkwe atalishwa, ataogeshwa, atasimuliwa, na wala si kwa mapenzi. Anayetega anahitaji chambo, na changu kinakoroma chumba cha pili, saa nane mchana.

Jumatano, 5 Machi

Filamu ya kwanza ni ya vita. Saa mbili na robo za wanaume waliopakwa tope. Wote sura moja, kofia moja, na kila mmoja ana picha ya mchumba kwenye mfuko wa shati. Anayeitoa picha hiyo hamalizi dakika tano. Ilipotoka ya tatu nikasema, "Na huyu anakwenda."

"Nani?"

"Huyu mwanajeshi."

"Si umesema wote wanajeshi?"

Sare zenyewe zimeshonwa ovyo. Mfuko wa kifuani umekaa chini kwa inchi nzima, mtu akitaka kutoa picha lazima ajipinde, na hapo ndipo risasi inapompata. Adui wao ni fundi wao.

Ugomvi ulianza kwenye mapigano. Mimi nasimulia, "Kampiga. Kaanguka. Kamvuta, kamficha." Mama mkwe akagonga mkono wa kiti.

"Nani kampiga nani? Kampiga, kamvuta, kamficha! Mimi nina macho? Mpe kila mtu jina lake."

"Mama, hata wenyewe hawajuani."

"Basi wape wewe."

Nikawapa. Mwenye Ndevu, Mwenye Kikohozi, Mtoto wa Mama. Mtoto wa Mama akafa. Mama mkwe akasema alijua tangu mwanzo, kwa jinsi nilivyomtaja kwa dharau.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Sketi mbili za jirani mwalimu, bitana imepinda, nimefumua.

Ijumaa, 7 Machi

Mume wangu kapiga simu. Kampigia mama yake. Wameongea dakika ishirini, tena kwa kunong'ona upande wa mama. Nilipopewa simu ilikuwa imeshakatika.

Jumapili, 9 Machi

Filamu ya mapenzi. Wamekutana kwenye mvua, wamegombana kwenye mvua, wamepatana kwenye mvua. Hakuna aliyepiga chafya. Msichana kavaa gauni la hariri, likalowa mpaka likamgandia, na kwenye picha inayofuata analo lile lile, limenyooka kama limetoka kwangu. Uongo mtupu. Hariri ikilowa namna ile haivaliki tena, unaishonea foronya ya mto.

"Huyo msichana ana umri gani?" mama mkwe akauliza.

"Ishirini na kitu."

"Na mwanamume?"

"Hamsini, na zaidi."

"Huyo hatafuti mke. Anatafuta muuguzi."

Nilikohoa ili asinisikie nikicheka. Sitaki ajue kwamba ana uwezo huo.

Jumatano, 12 Machi

Filamu ya upelelezi. Tajiri kauawa maktabani, watu saba nyumbani, mpelelezi ana mwavuli. Nimependa kola ya mpelelezi na hakuna kingine. Dakika ya kumi, hata chai haijapoa, mama mkwe akasema, "Ni daktari."

"Umejuaje?"

"Wenzake wakiingia nasikia wanapangusa viatu. Yeye hapangusi. Huyo kaizoea hiyo nyumba kuliko anavyosema."

Saa nzima nilikaa nikimwombea daktari asiwe yeye. Akawa yeye. Nikamwambia mama mkwe kwamba muuaji ni mtunza bustani, kakamatwa, kakiri, kalia. Alinyamaza jioni nzima, na mimi nikala kwa raha.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi, akiwa kwenye uji: "Na yule mtunza bustani uliyemfunga bure, umempa miaka mingapi?"

Jumatatu, 17 Machi

Leo naandika kwa hasira, kwa hiyo nisilaumiwe kwa mwandiko.

Nilikuwa namaliza pindo. Yeye kakaa kitini kwake karibu na dirisha, akisikiliza mvua, hana filamu, hana simu. Ghafla akasema, kama mtu anayesema chumvi imezidi, "Nyumba hii haina sauti nyingine zaidi ya cherehani. Miaka kumi na minne, cherehani tu."

Nilijua anasema nini. Mtu yeyote angejua. Nilizima cherehani ili aisikie vizuri nyumba isiyo na cherehani. Kisha nikamwambia kwamba mwanawe alipimwa mara mbili na mimi mara nne, na kwamba majibu ya mwanawe hajawahi kuyaona mtu zaidi ya mwanawe. Akasema hakuwa na maana hiyo. Nikamuuliza alikuwa na maana gani. Akasema mambo mengine yakisemwa kabla ya wakati wake yanaunguza mdomo. Nikamwambia basi aufunge.

Sijawahi kumjibu hivyo mkwe wangu. Sijutii. Toka leo simtaji mtu jina kwenye filamu zake. Ni kampiga, kamvuta, kamficha. Nafasi zilizobaki atajaza mwenyewe.

Jumanne, 18 Machi

Katuni ya wanyama. Kamfuata, kamkimbia, kammeza, kamtapika. "Nani?" "Yeye." Filamu imeisha bila mama mkwe kujua kama mshindi ni sungura au treni.

Jumatatu, 24 Machi

Filamu ya kutisha. Familia imehamia nyumba ambayo kila mlango unalia, na kila anayesikia kelele darini anapanda darini, tena na mshumaa. Sisi hapa dari likitoa sauti tunasogeza ndoo. Mwanamke mwenye nyumba anakimbia mizuka nusu saa nzima na gauni la kulalia halipati hata mkunjo. Sina huruma naye.

"Kaingia nani?"

"Kaingia."

"Katoka nani?"

"Katoka."

Mama mkwe akageuzia uso ukutani. Nilifurahi, na naandika hivyo bila haya.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua siku ya tano mfululizo. Ukuta wa jikoni umeota ukungu. Filamu ya mahakamani, mawakili wanapiga kelele, majoho yamewapwaya. Nimelala katikati. Nilipoamka yeye ndiye aliyenisimulia nilichokosa, kwa masikio yake tu, na kila mtu kampa jina.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo ilikuwa siku ya kwenda kliniki kutoa bandeji. Wiki sita kamili. Nimezihesabu kuliko mfungwa. Nilimwandalia nguo, nikamtafutia mwavuli.

"Siendi," akasema. "Kuna utelezi."

"Nitakushika."

"Wewe? Utaniachia kwenye dimbwi la kwanza."

Sikuweza kuapa kwamba nisingefanya hivyo.

Alhamisi, 10 Aprili

Tumbo. Eti tumbo linamsokota. Kamaliza sahani mbili za wali.

Jumamosi, 12 Aprili

Mume wangu kanipigia mimi. "Bandeji imetoka?" Nikasema bado. "Mbona bado?" Nikasema amuulize mama yake. Kisha nikamuuliza mwenyewe yu hali gani, anakula wapi, shati lake la bluu nililomtumia kalipata. Akasema lifti imekwama na mtu ndani, lazima aende. Ni Jumamosi, na lifti hizo, kwa maelezo yake, bado hazijakamilika.

Jumatatu, 14 Aprili

Kaota vibaya. Ndiyo sababu ya leo ya kutokwenda kliniki. Muuguzi kapiga simu kuuliza kulikoni. Kauliza, mgonjwa wetu mnamficha? Nimemwambia mgonjwa kajificha mwenyewe.

Sasa namwona alivyo. Kapata pa kulishwa na kuogeshwa, na anajua kwamba jicho likifunguliwa starehe imekwisha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu daktari kamkataza kuinama. Anajua pia kwamba siku atakayofunguliwa mwanawe atakuja, na hataki aje kwangu. Ananinyima mume wangu kwa pamba na bandeji.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua ilianza saa saba mchana na haikuwa ya mchezo. Ikinyesha hivyo juu ya mabati haya huisikii hata cherehani unayoiendesha mwenyewe. Niliacha kazi nikaweka filamu. Ilikuwa ya mke na mume. Mume ana koti la kijivu lililoshonwa vizuri, nilikiri moyoni, mabega yamekaa penyewe. Sauti haikusikika hata chembe. Mama mkwe alikuwa kaegemeza kichwa, nikadhani kasinzia, kwa hiyo sikumwambia chochote.

Jirani mwalimu akabisha hodi, kaloa. Nikampima kiuno mlangoni, akaondoka. Niliporudi mambo yalikuwa yameshaharibika kwenye runinga. Yule mwenye koti la kijivu yuko nyumba nyingine kabisa, kavaa kandambili, kambeba mtoto. Mama mkwe akajitingisha kitini. Nikaketi. Nilikuwa nimechoka, nina hasira, nikaanza kusimulia kama ninavyosimulia siku hizi, kwa sauti kubwa kuishinda mvua na bila jina la mtu.

"Haya. Kumbe ana mwanamke mwingine."

Mama mkwe akaacha kujitingisha.

"Na mtoto kazaa naye. Keshakua, anatembea. Muda wote huo ni kazi, kazi, kazi. Kazi gani? Harudi tena huyo."

Nilipomgeukia alikuwa kaishika mikono ya kiti kama kiti kinataka kumtupa.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona wapi?"

"Si hapa hapa."

"Kakutumia picha!" Akapiga paja lake. "Nilimkataza. Nilimwambia la kusema nitalisema mimi, kwa wakati wake, asikutumie picha ya mtoto kwenye simu kama tangazo. Mwana hana subira, hana haya!"

Nilitazama runinga. Mwenye kandambili alikuwa anamrusha mtoto juu na kumdaka, na mtoto anacheka bila sauti.

"Mama," nikasema, "mimi nilikuwa nasimulia filamu."

Mvua ikaendelea. Mkono wake ulitoka kwenye paja ukaenda mdomoni ukabaki hapo.

"Filamu gani?"

"Iliyopo mbele yetu."

"Basi..." Akautoa mkono mdomoni. "Basi endelea na filamu."

"Hapana, Mama. Endelea wewe."

Aliendelea. Alinieleza yote, na kila mtu alimtaja kwa jina. Majina hayo siyaandiki kwenye daftari langu. Mwanamke anafanya kazi mapokezi, kwenye jengo lile lile lenye lifti. Mtoto ni wa kiume, ana miaka mitatu. Miaka mitatu! Lifti zenyewe zimekamilika siku nyingi na watu wanapanda na kushuka. Mume wangu ana fanicha, ana majirani, ana mahali anaponing'iniza shati.

Nikamuuliza, na wewe umejua tangu lini? Akasema tangu mtoto azaliwe. Nikamuuliza ilikuwaje akaja kutibiwa kwangu, wakati hospitali ziko hata huko.

"Hakunileta nitibiwe," akasema. "Alinileta nikuambie. Alisema nina wiki sita, nichague siku nzuri."

Nilidhani ni chambo changu. Kumbe alikuwa barua ya mwanawe, imekaa wiki sita kwenye kiti changu inakula wali wangu na haijafunguliwa.

"Na ukaamua usiende kliniki."

"Bandeji ikitoka angekuja. Akija ataniuliza nimeshakwambia. Na mimi sikutaka kukwambia." Akanyoosha kidole upande wa sauti yangu, kikakosea kidogo. "Usidhani ni kwa kukupenda. Hiyo si kazi yangu. Alikuoa kwa mdomo wake, watu wakasikia. Kuacha pia ana mdomo."

Kisha akaanza kulia chini ya pamba. Nikamwambia asilie, jicho litaharibika. Nilisema kwa ukali, na nilimaanisha ukali huo. Nikaenda jikoni nikasimama na ndoo.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekata kitambaa cha mtu vibaya. Mara ya kwanza kwa miaka tisa.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimewaza haya nikipiga pasi. Ningempa kila mtu jina lake kwenye ile filamu, leo ningekuwa bado namsubiri mume wangu, nimemtengea na sahani. Chuki yangu ndiyo iliyoniambia ukweli. Sijui nimshukuru nani kwa hilo na sina mpango wa kumshukuru mtu.

Mchana nimemwambia mama mkwe: tunakwenda kliniki Jumanne. Akasema sawa. Hakutaja utelezi.

Jumanne, 22 Aprili

Muuguzi kafungua bandeji tabaka kwa tabaka. Jicho jekundu, linatoa machozi, lakini linaona. Cha kwanza alichokiona ni mimi. Alinitazama muda mrefu.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe."

Tulipofika nyumbani alisimama mbele ya runinga. "Ndiyo hii? Mbona ndogo hivi? Ulivyokuwa unasimulia nilidhani imejaa ukuta mzima."

Akampigia mwanawe mbele yangu. Akamwambia bandeji imetoka, aje. Nikasikia sauti ya mume wangu ikisema atatuma gari na dereva. Mama mkwe akasema, "Tuma. Dereva atarudi na gari tupu. Mimi nitaketi hapa hapa mpaka uje na miguu yako." Akakata.

Jumatano, 23 Aprili

Filamu ya ngumi. Tumeitazama kimya, kila mtu kwa macho yake. Bondia kapigwa raundi kumi na moja, ya kumi na mbili kashinda. Upuuzi. Anayepigwa hivyo halali nyumbani, analala hospitali.

Jumamosi, 26 Aprili

Amekuja. Saa sita mchana, jua kali, mvua haijanyesha tangu Alhamisi.

Alivaa shati la bluu nililomtumia. Kifungo cha pili kimeshonwa upya kwa uzi mweupe, mashimo mawili tu yamepitishwa uzi kati ya manne. Mkono wa mtu asiyejua kushona, lakini kajitahidi. Nilikitazama kifungo hicho muda wote, kwa hiyo uso wake siwezi kuueleza vizuri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Uko tayari? Gari iko nje." Kwangu akasema, "Habari za hapa," akanipita, akainua begi la mama yake. Akamwinamia sikioni, na mimi nipo hatua mbili. "Umeshazungumza naye?"

"Huyo hapo," mama mkwe akasema kwa sauti kamili. "Ana masikio mawili. Zungumza naye."

Akaliweka begi chini. Akaanza. Alisema maisha yana mambo. Alisema imetokea. Haikupangwa. Yamefika yalipofika, na ikaonekana ni vizuri yakasemwa kwa utulivu, kwa heshima, ili isije ikaonekana vingine. Dakika nzima alizungumza na hakuwemo mtu hata mmoja kwenye maneno yake. Ukimsikiliza ungedhani anaeleza hali ya hewa.

Nilikuwa nimesema akishaingia nitajua la kufanya. Kwa wiki nane nilikuwa nimepanga kupika, kulia, kunyamaza, kuvaa gauni la kijani. Nikatoa futi la kupimia shingoni nikaliweka mezani.

"Sijaelewa," nikasema. "Aliyefanya ni nani, na kamfanyia nani?"

Akamtazama mama yake. Mama yake akatazama dirishani kwa jicho lake jipya.

"Sema," nikamwambia. "Neno moja tu linatosha."

Fundi wa lifti, anayeingia kwenye mashimo ya ghorofa ishirini bila kuogopa, alikuwa anatoka jasho juu ya mdomo.

"Nimekuacha," akasema.

Kwenye neno hilo yeye yumo na mimi nimo. Nikamwambia ahsante, beba begi la mama yako.

Mama mkwe alisimama mwenyewe, akatafuta fimbo, akaipata. Nilifikiri pengine atabaki. Naandika ukweli, kwa sekunde mbili nilitaka abaki, na nilimchukia kwa kunifanya nitake. Alifika mlangoni akasimama.

"Ni mwanangu," akasema.

"Najua."

"Sikuombi unisamehe."

"Vizuri, maana sikusamehe."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kipimo sahihi, akatoka. Gari likaondoka. Nikakaa kwenye cherehani nikamaliza zipu ya jirani mwalimu, kwa sababu niliahidi saa kumi.

Saa kumi akaja. Akaijaribu sketi, ikamkaa. Akaangalia kile kiti karibu na dirisha.

"Mgeni wako kaondoka?"

"Kaondoka. Na mume wangu kaniacha."

Sikuwa nimeisema kwa sauti kabla ya hapo. Jirani mwalimu alikuwa kashika mkoba, yuko mguu nje mguu ndani. Akavua viatu, akaingia, akaketi.